Kumtoa Mama Juge Kitini

Mama Juge hakuwahi kumkatiza mtu anayesema uongo. Alifumba macho, akaegemea kiti, akamwacha aseme mpaka achoke. Uongo ukishamwishia mtu, ndipo alipofumbua jicho moja na kuuliza, "Umemaliza? Bon. Sasa anza tena, mwanzo." Sikumwona mwongo hata mmoja aliyefika mwisho mara ya pili bila kujikwaa. Kwa miaka yote niliyokuwa katibu wa chama chetu pale mtaa wa Berea nilikaa mkono wake wa kushoto na kalamu yangu, nikawatazama watu wazima wenye ndevu zao wakijifunga kamba wenyewe.

Nasema mapema ili msomaji asije akanishangaa huko mbele: mimi ndiye niliyesimama ukumbini siku moja nikaomba aondolewe kwenye kiti hicho. Na nilimpenda. Mambo hayo mawili hayagombani, ingawa wapo watu hapa Durban wanaodhani yanagombana, na baadhi yao hawanisalimii vizuri mpaka leo.

Chama chenyewe kilikuwa cha wasemaji wa Kiswahili wa kila namna. Wakongo ndio waliokuwa wengi, halafu sisi Watanzania, Warundi wachache, na Mkenya mmoja aliyejihesabu kama kumi. Tulikutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa moja. Mwenyekiti aliendesha mambo ya misiba, harusi na wageni wapya, na Mama Juge aliamua ugomvi: mke na mume, mpangaji na mwenzake, ndugu waliotupiana maneno kwenye simu. Uamuzi wake haukuwa na polisi nyuma yake, lakini sijawahi kuona mtu akiukataa. Huko kwao Kongo, upande wa ziwa, alikuwa jaji wa kweli mwenye joho, juge kwa Kifaransa chao. Hapa alilea watoto. Wanawake wa saluni na wa maduka ya simu walimwachia watoto wao asubuhi katika fleti yake ya ghorofa ya pili, wakaja kuwachukua jioni.

Ujaji wake haukulala hata kwa hao watoto. Siku moja nilimkuta amewaketisha wawili, hata miaka minne hawajafika, baiskeli ya plastiki ikiwa katikati yao kama kielelezo cha mahakamani.

"Juu ya nini umemusukuma mwenzako?"

"Nataka baiskeli."

"Kutaka haiko motif. Unaweza kutaka na ukakaa kimya. Nipe motif."

Motif, katika Kifaransa chake cha mahakamani, ni sababu inayotosha kumtendea mtu jambo zito. Neno hilo lilituingia wote. Hata sisi Watanzania, ambao Kifaransa chetu kinaishia kwenye bonjour, tulianza kuulizana motif majumbani mwetu. Mke wangu alinidai motif kila nilipochelewa kurudi, na nilizikosa mara nyingi.

Katiba ya chama tuliiandika pale kwake mwaka 2008, Jumapili baada ya ibada, sakafu ikiwa bado ina makombo ya biskuti. Ndio mwaka ambao chama tawala cha nchi hii kilimtaka Rais ajiuzulu, naye akajiuzulu, na kila kinyozi alikuwa amegeuka mwanasheria. Wenzetu wakasema na sisi tuweke kifungu kimoja chepesi: mwenyekiti tukimchoka, anashuka.

Mama Juge alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumuchoka! Mimi nilimuchoka bwana yangu mwaka wa kwanza, na nilikaa naye mpaka alikufa."

Alikuwa na nakala ya Katiba ya Afrika Kusini, kimoja cha vile vijitabu vidogo vinavyogawiwa bure, na alikisoma kwa msaada wa kamusi kwa sababu Kiingereza kilimkuta ukubwani. Akatusomea. Rais wa nchi hii Bunge linaweza kumwondoa kwa kura za theluthi mbili, na kwa mambo matatu tu: amevunja Katiba au sheria vibaya, amefanya utovu mkubwa wa maadili, au ameshindwa kuifanya kazi. Jaji naye ana yake: kushindwa kazi, kutoijua kazi kupita kiasi, au utovu mkubwa wa maadili, na ni lazima kwanza tume ya mahakama ilithibitishe jambo hilo, ndipo Bunge lipige kura. Rais hawezi kuamka na hasira zake akamfukuza jaji.

Lakini kilichomfurahisha zaidi ni kitu ambacho sisi tulikipita mbio. Rais anayeondolewa kwa kuvunja sheria au kwa utovu hapati tena marupurupu ya cheo na hashiki tena ofisi ya umma. Anayeondolewa kwa kushindwa kazi hakutajwa katika adhabu hiyo.

"Muone," alisema akigonga ukurasa kwa kidole. "Faute na incapacité wameziweka mbalimbali. Kosa ni kosa. Kushindwa ni mwili tu. Mutu akishindwa, munamushukuru, munamutua muzigo, anaenda na heshima yake."

Tukaviandika hivyo hivyo vifungu vyetu, kwa Kiswahili nilichokitunga mimi na ambacho wenzangu walikiita cha redio. Alipotaka vimhusu na yeye mwamuzi, watu waligoma. Mzee mmoja Mkongo akasema, "Hapana, Mama. Weye hatuwezi kukutoa."

"Basi mimi siko juge," alimjibu. "Niko malkia. Munitafutie taji."

Vikaandikwa, na vikamhusu.

Mwenyekiti wetu wa pili alikuwa mtu asiyependeka. Alikuja msibani na kaptula. Alikata watu kauli, alicheka Kifaransa cha wenzake, na kubwa kuliko yote, machoni pa watu wetu, alioa mwanamke wa Kizulu ambaye hakujishughulisha kujifunza hata "karibu". Siku waliyotaka aondolewe, ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Mama Juge akauliza motif.

"Kila mutu anajua iko na kiburi," alisema dada mmoja.

"Kila mutu ni nani? Mumulete aseme mwenyewe."

Watu waligeuka nyuma kumtafuta, naye akaendelea.

"Kiburi haiko motif. Kama kiburi ingekuwa motif, hapa hakuna mwenye angebaki, kuanzia kwangu. Na bibi ya mutu haiko mu katiba."

Yule bwana alimaliza muda wake akiwa na kiburi chake chote, na hakumshukuru hata siku moja. Nilimwambia Mama Juge kwamba hilo liliniudhi. Akasema hakufanya kwa ajili yake, na akanituma dukani nikamletee maziwa.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa kinyume chake kabisa, kipenzi cha watu. Alibeba majeneza, aliimba harusini, alijua kila mtoto anasoma darasa la ngapi. Lakini ilipotokea fujo moja mitaani dhidi ya wageni, na watu wakakimbilia ukumbini, yeye mwenye ufunguo alifungua kwa watu wa kwao tu. Wengine, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, walilala uani kwa polisi. Alisema ukumbi ulikuwa mdogo. Huenda ulikuwa mdogo kweli, lakini aliapa kuwa mwenyekiti wa wote. Huyo alitolewa, tena kwa kosa, na waliopiga kura ya kumtoa walikuwa wanalia kwa sababu walimpenda. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa alichokuwa anakitafuta yule mama. Alitaka tumwache tunayemchukia na tumtoe tunayempenda, pale sababu zinapotaka hivyo, na ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Ili kutusaidia katika kazi hiyo alikuwa amebuni utaratibu ambao sijausikia kwingine. Anayeleta mashtaka ya kumtoa mtu ni lazima aandae chakula, akakile pamoja na mshtakiwa katika sahani moja, kwa mkono, kabla ya kikao. "Mutu mwenye hawezi kutia mukono mu sahani moja na mwenzake," alieleza, "huyo haleti mashitaka. Analeta chuki." Wale akina mama waliolala nje walimpikia mwenyekiti wa kwanza bugali na sombe, yaani kisamvu kwa sisi wengine, wakala naye, wakamwekea na samaki, halafu wakasimama na kusema kila kitu bila kupaza sauti. Kwa yule mwenye kaptula, sahani ilipofika mezani washtaki walianza kukumbuka kwamba wamefunga. Funga hiyo ya ghafla ilituchekesha mwaka mzima, maana miongoni mwao alikuwamo mchungaji aliyejulikana kwa kupenda sahani ya pili.

Msomaji asidhani nilikuwa naishi jirani na mtakatifu. Mama Juge aliiba kwenye karata. Aliiba waziwazi, alificha karata chini ya paja, na ukimkamata alikwambia mchezo hauna katiba. Alimnunia jirani yake wa upande wa pili wa korido, mama mpole wa Kihindi aliyemletea sambusa kila sikukuu. Sambusa alizila, mama mwenyewe hakumtaka. Nilimuuliza motif.

"Simupendi tu," alisema. "Hapa siko kazini."

Alikuwa mgumu wa kusifu pia. Niliandika mihtasari yake kwa miaka, yeye akiniita Secrétaire, yaani katibu, na sifa pekee niliyowahi kuipata ni kwamba mwandiko wangu hauumizi macho. Nikirudi nyumbani nilimnukulia mke wangu sentensi hiyo kama mtu aliyepewa nishani.

Mara moja tu aliniambia jinsi alivyotolewa yeye huko kwao. Alikuwa anapiga pasi sare za wanawe, redio imewashwa, ikaanza kusomwa orodha ya majaji walioachishwa kazi. Jina lake likapita katikati ya majina mengine. Alimaliza shati alilokuwa nalo mkononi, akaenda ofisini kuuliza. Akaambiwa orodha imetoka juu.

"Walinitoa kama vile mutu anatoa kijiko mu chai," alisema. "Hawakunipa hata uongo, Secrétaire. Kama wangenipa uongo, ningewaambia: anza tena, mwanzo."

Nilimwambia pole, na yeye akanigawia karata.

Akina mama wa saluni ndio waliojua kwanza. Wanawake wanaomwachia mtu watoto wao huona mapema. Mtoto alirudi nyumbani na viatu vya mwenzake, mwingine alikuta amepikiwa uji mara mbili na chakula cha mchana hakikuwepo. Hawakusema kitu. Mmoja mmoja walisema wamepata krechi, mahali pa kulea watoto, karibu na kazini, wakamshukuru, wakamletea vitenge vizuri, na kufikia mwisho wa mwaka fleti ile ilikuwa kimya. Yeye alisema watoto wa siku hizi wanakua haraka.

Kisha na sisi tukaanza kuona. Aliuliza swali aliloshajibiwa. Alimwita mlalamikaji mmoja kwa jina la marehemu mume wake yeye mwenyewe. Siku moja aliniuliza kwa upole kama mimi ni mgeni hapa Durban na kama nimepata mahali pa kulala. Mke wangu alipika chakula kizuri jioni ile bila kuniuliza kwa nini nimenyamaza.

Hapo ndipo watu wetu walipofanya jambo ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Hakuna aliyeitisha mkutano, lakini sote tulielewana. Ugomvi wa kweli ukawa unamalizwa huko nje, kwenye ngazi za kanisa, na wazee wawili watatu pamoja nami. Mama Juge tukawa tunampelekea ugomvi wa kutunga. Wanaume wawili, marafiki wa chanda na pete, walikuja mbele yake wakigombania ngazi ya mbao ambayo haikuwepo. Mtu na wifi yake walishtakiana juu ya sufuria, wakasahau walichopanga, wakaanza kucheka katikati ya ushahidi, na mmoja ikabidi ajifanye analia. Mke wangu naye alinishtaki kwamba nakoroma.

"Anakoroma namna gani?" aliuliza Mama Juge, macho yamefumbwa.

"Kama lori la kazini kwake Clairwood, Mama."

"Secrétaire, unajitetea?"

"Sijawahi kujisikia, Mama Juge."

"Bon. Alale ubavu. Na weye mama, hii haiko motif ya kumuacha, hapana."

Tulitoka pale tunacheka, na tulipofika kwenye gari mke wangu akaegemea mlango akalia kweli. Tulidhani hiyo ndiyo heshima: kumwachia kiti, na kukiondolea uzito bila yeye kujua. Lilikuwa kosa la watu wenye adabu kupita kiasi. Mtu ukimpa kesi nyepesi kila Jumamosi, siku ya kesi nzito hakuna atakayekumbuka kukaa mlangoni aizuie.

Kesi nzito ilikuja kwa miguu yake. Binti mmoja msusi alikuwa ameachana na mumewe, dereva wa malori, na mume alikuwa anahamia Johannesburg na kutaka kuondoka na watoto wao wawili. Dereva hakuwa na siku nyingine ila hiyo, hakupitia kwenye ngazi zetu, akaingia moja kwa moja na mkewe wakaketi. Akili ya Mama Juge iliamka kabisa asubuhi ile. Aliuliza maswali yake ya zamani, akasikiliza pande zote, akaamua: watoto wabaki na mama yao, baba awachukue Jumapili awapo mjini. Nikaandika. Nilifurahi, hata nikaanza kujiambia kwamba labda tumekuza mambo.

Alasiri yule dereva alimpitia nyumbani kumuaga. Hakuwa na hila, na hilo nalisema kwa haki yake. Mama Juge akampokea kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, akamuuliza shida yake, akafumba macho na kumsikiliza upya, safari hii upande mmoja tu. Akamwambia, "Batoto baende na baba yabo."

Dereva alikuwa sasa na hukumu mbili kutoka kinywa kimoja. Akachukua aliyoipenda. Sijui ni baba gani angechukua nyingine.

Jumapili ilikuwa zamu yake, hivyo mama yao hakushtuka walipolala kwa baba yao. Jumatatu asubuhi mimi nilikuwa kazini Clairwood, nikikagua makasha yanayotoka bandarini, nikaona vichwa viwili vidogo kwenye kioo cha lori lililokuwa tayari kuondoka. Walikuwa wanakula chipsi, na nguo zao zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni miguuni.

"Unakwenda nao wapi?" nilimuuliza yule dereva, baba yao.

"Joburg. Mama Juge mwenyewe amesema, Secrétaire. Umuulize."

"Jumamosi amesema wabaki. Nimeandika mimi."

"Ile ilikuwa asubuhi. Mchana alisema baende. Naapa mbele ya Mungu."

Nilimtazama usoni na nikajua anasema kweli. Nilimwomba azime injini, tunywe chai kwanza, na nikampigia simu msusi. Alikuja na teksi, amemwacha mteja kichwa nusu, na dereva akawashusha watoto mwenyewe. Aliwakumbatia wanawe pale pale kati ya malori, akapanga upya nguo zao kwenye ule mfuko, kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Katibu, nakuomba kitu kimoja. Hapana kumushitaki Mama."

"Watoto wangekuwa njiani sasa hivi, dada."

"Najua. Hapana kumushitaki."

Na hivyo ndivyo kila mtu alivyoniambia wiki ile. Wazee walisema tumwache, tutakuwa waangalifu zaidi. Mwenyekiti mpya alisema tumngojee Mungu amchukue mwenyewe. Mtu akipatikana na kosa, kumtoa ni rahisi, una hasira ya kukusaidia. Mama Juge hakuwa na kosa. Nikaona kwamba kama kifungu cha kushindwa kazi hakitumiki kwa yule aliyekipigania, basi tuliandika mapambo.

Nikamwambia mke wangu apike pilau.

Mama Juge alipofungua mlango akaona sahani moja kubwa, alitazama sahani, akanitazama mimi. Siku ile ilikuwa moja ya siku zake nzuri.

"Ni nani anashitakiwa?"

"Ni wewe, Mama."

Alinawa mikono, akaketi, akaanza kula. Akatoa mdalasini mdomoni na kuuweka pembeni. "Batanzania munapika mpaka miti," alisema. Kisha, bila kuinua macho: "Motif?"

"Kushindwa, Mama. Si kosa."

Nikamweleza habari za watoto. Mkono wake ulisimama katikati ya sahani. Aliniuliza walifika wapi. Nikamwambia hawakufika mbali, Clairwood tu, na sasa wako kwa mama yao, wazima. Akauweka ule mkono wake wenye mafuta juu ya wangu na kuuacha hapo.

"Umekuja mwenyewe," alisema. "Asante."

Tuliendelea kula. Baada ya muda akatazama sahani, akaniuliza ni nani anashitakiwa. Nikamwambia. Akauliza tena. Nilijaza mdomo pilau nikatikisa kichwa, naye akanimiminia maji.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia Mama Juge akae kwenye benchi la mshtakiwa, kwa hiyo alikaa kwenye kiti chake kilekile, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri. Mimi nilisimama upande wa pili, na nikajikuta sijui niweke wapi mikono. Kiswahili changu cha redio kilinikauka. Nikasema tu kilichotokea, kwa kifupi, na kwa aibu sikumtaja kwa jina analoitwa. Nilisema "mwamuzi wetu". Nikaeleza hukumu ya asubuhi na hukumu ya mchana, watoto, na lori. Alisikiliza amefumba macho, kama alivyotusikiliza sote.

Nilipokaa, alifumbua macho.

"Huyu juge," alisema, "alipendelea mutu?"

Tulitazamana. "Hapana, Mama," nikajibu.

"Alikula kitu cha mutu?"

"Hapana."

"Mbele ya hapo, alikuwa anafanya kazi muzuri?"

Wanawake waliitika wote pamoja, tena kwa sauti: "Muzuri sana, Mama!"

"Donc haiko faute. Ni incapacité." Alitingisha kichwa polepole, kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Masikini. Bon. Mumutoe leo, kabla hajaumiza mutoto wa mutu. Hapana kelele. Hapana kumusema mu saluni. Na asiende peke yake. Mutu amusindikize mpaka kwake."

Mwenyekiti akaomba mikono. Wa kwanza kunyoosha alikuwa yule msusi, mwanawe mdogo mgongoni, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Halafu mikono ikainuka ukumbi mzima, hata ya wale walioapa hawatanyoosha. Mama Juge aliitazama, na sijui kama aliihesabu. Wapo wanaosema alijua kabisa kwamba ni yeye, na kwamba alitupa ruhusa kwa namna yake. Wapo wanaosema hakujua. Mimi nilikula naye sahani moja wiki ile, na bado sijui, na nimeacha kubishana.

Alisimama akachukua mkoba wake. Nikampa mkono, na msusi akamshika upande wa pili. Tulipotoka nje nikasikia viti vinasukumwa nyuma yetu. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Walitoka nyuma yetu, wazee na wasusi na vijana wa maduka ya simu, wakashuka nasi ule mteremko wa Berea wakiwa wamejaza njia ya miguu na kipande cha barabara. Kwenye robot, kama zinavyoitwa hapa taa za barabarani, rangi iligeuka kijani na magari yalianza kupiga honi, na watu wetu waliendelea kuvuka bila haraka.

Mama Juge aligeuka akautazama ule umati.

"Secrétaire, iko harusi?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Tulishamwambia mengi ya namna hiyo mwaka ule.

"Hapana, Mama. Wanakusindikiza wewe."

"Batu bote hawa?"

"Wote, Mama."

Alisimama pale katikati ya barabara, honi zikilia, akawatazama mmoja mmoja kwa muda mrefu. Kisha akanikaza mkono.

"Basi tutembee polepole," alisema. "Bengine beko na batoto mugongoni."